Altrasaundi inasema ini lina mafuta, ALT ni ya kawaida, sukari iko juu: tuanzie wapi?

Nesi_KandaZiwa

Habari zenu wakuu. Swali la kliniki ya kisukari na presha, ngazi ya kituo cha afya, kanda ya ziwa.

Karatasi za altrasaundi zenye maneno "ini lina mafuta, daraja la kwanza" au "la pili" zimekuwa nyingi, na mara nyingi picha ilipigwa kwa sababu nyingine kabisa, kama mawe kwenye nyongo au maumivu ya tumbo. Nawawekea mfano wa namba tunazokutana nazo: mwanamke wa miaka 48, kilo 84, urefu sm 160, kiuno sm 102. Sukari kabla ya kula 7.4, presha 142/90, triglisaraidi (mafuta ya damu) 2.3, HDL (kolesteroli nzuri) 0.9. ALT 31, AST 29 (vimeng'enya vya ini), na maabara imeziandika zote "kawaida". Chembe sahani (zinazogandisha damu) 236.

Maswali yangu. Je, huu ni ugonjwa wa ini wa kufuatilia peke yake, au ni sehemu ya kisukari chake? Kama mgonjwa ana hela ya vipimo viwili au vitatu tu, tuanze na vipi? Walio kwenye TLD (kidonge cha VVU chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri) tuwaambie nini? Na chakula je, kwa sababu wengi wanaambiwa "acha mafuta" basi, halafu wanaenda kununua dawa za kusafisha ini.

---

Tabibu_Mzee

Dada, hizo namba zinajieleza. Tuanze na jinsi mafuta yanavyofika kwenye ini, maana ukishaielewa njia hiyo, vipimo na ushauri vinajipanga vyenyewe.

Tishu ya mafuta, hasa ya kitambi, kwa kawaida huzuiwa na insulini isimwage asidi za mafuta kwenye damu ovyo. Mtu akipata usugu wa insulini, yaani mwili hauitikii insulini ipasavyo, kizuizi kinalegea: asidi zinamwagika mchana na usiku, na kituo chao kikuu ni ini. Kongosho nalo linaongeza insulini ili kuishinda hali hiyo. Hapo ndipo ini linapofanya jambo la ajabu. Linakuwa sugu kwa amri moja ya insulini, ile ya "acha kutengeneza glukosi", lakini linaendelea kutii nyingine, ile ya "tengeneza mafuta". Kwa hiyo sukari ya asubuhi inapanda na mafuta ya ini yanaongezeka kwa wakati mmoja. Ini likizidiwa linayapakia mafuta kwenye chembe za VLDL na kuyasukuma kwenye damu: triglisaraidi juu, HDL chini. Hiyo ndiyo karatasi ya huyo mama, mstari kwa mstari.

Watafiti wa Marekani waliwahi kufuatilia mafuta hayo kwa kuyawekea alama, wakachapisha mwaka 2005. Kwa wagonjwa wao, takriban asilimia 60 ya mafuta ya ini yalitoka kwenye akiba ya mwili kwa njia ya asidi hizo, robo hivi ini lilitengeneza lenyewe, na asilimia 15 tu yalitoka moja kwa moja kwenye mafuta ya chakula. Ukimwambia mtu "acha mafuta" ukamwachia soda na chai ya sukari vijiko vitatu, umeziba tundu dogo kuliko yote.

Ndiyo maana mwezi Juni 2023 vyama vya madaktari wa ini vya Ulaya, Marekani na Amerika ya Kusini vilibadilisha jina la ugonjwa. Zamani ulitambulishwa kwa kile usichokuwa nacho, yaani pombe. Sasa kifupi chake ni MASLD, yaani ini lenye mafuta linalotokana na hitilafu za umetaboli (jinsi mwili unavyotumia chakula na nishati), na ili uuandike unahitaji mafuta kwenye ini pamoja na walau kimoja kati ya vigezo vitano vya umetaboli: BMI (uwiano wa uzito na urefu) 25 na zaidi au kiuno kinachozidi sm 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanaume; sukari kabla ya kula kuanzia 5.6, au HbA1c (wastani wa sukari wa miezi mitatu) kuanzia asilimia 5.7, au kisukari aina ya pili. Presha 130/85 na zaidi au dawa ya presha. Triglisaraidi kuanzia 1.7. HDL isiyozidi 1.0 kwa mwanaume au 1.3 kwa mwanamke. Mama wa mfano anavyo vyote vitano. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: ini na kisukari chake ni shina moja, ila ini linahitaji kupimwa kovu lake peke yake, maana kovu ndilo linaloamua nani atafika kwenye sirosisi (ini lililojaa kovu). Wengi wao hata hivyo hawafi kwa ini. Wanakufa kwa moyo na kiharusi, na hilo liingie kwenye mazungumzo mapema.

Sasa vipimo. "Daraja la kwanza" na "la pili" kwenye karatasi ya altrasaundi linaeleza weupe wa ini kwenye skrini, halisemi chochote kuhusu kovu. Mtu wa daraja la tatu anaweza asiwe na kovu, na mwenye sirosisi kamili mafuta yanaweza kuwa yamekwisha. Isitoshe, altrasaundi ya kawaida huyakosa mafuta yakiwa kidogo, chini ya asilimia 20 hadi 30 ya ini, wakati ugonjwa unahesabiwa kuanzia asilimia 5.

ALT nayo isiwatulize. Kikomo cha 40 kinachoandikwa na mashine nyingi ni kikubwa mno. Kwa mwanamke anza kujiuliza ikipita 25, kwa mwanaume ikipita 33. Hiyo 31 ya mama imeshapita. Na hata iliyo chini ya hapo haimwondoi mtu kwenye orodha, kwa sababu ini lenye kovu kubwa linaweza kutoa ALT nzuri kabisa.

Kipimo cha bei nafuu kuliko vyote mnacho tayari: FIB-4, hesabu ya kukadiria kovu la ini. Umri mara AST, gawanya kwa zao la chembe sahani na kipeuo cha pili cha ALT. Kwa mama: 48 × 29 = 1392. Kipeuo cha pili cha 31 ni 5.57, mara 236 inakuwa 1314. 1392 ÷ 1314 = 1.06. Chini ya 1.3, uwezekano wa kovu kubwa ni mdogo, abaki kliniki kwenu, mrudie hesabu baada ya mwaka mmoja au miwili kwa kuwa ana kisukari. (Asiye na kisukari wala vigezo vingi anaweza kusubiri miaka 2 hadi 3.)

Linganisha na mwanaume wa miaka 55, AST 61, ALT 49, chembe sahani 150: 3355 ÷ (150 × 7) = 3.2. Imezidi 2.67. Huyo apewe rufaa, hata kama picha inasema "daraja la kwanza" na hata kama hana dalili. Tazama AST imeipita ALT na chembe sahani zimeshuka. Jicho likizoea hivyo viwili, utamshuku kabla ya kushika kikokotoo.

Katikati ya 1.3 na 2.67 ndiyo mahali pa FibroScan (mashine inayopima ugumu wa ini). Chini ya kPa 8 unatulia, juu ya 12 unapeleka kwa mtaalamu, 8 hadi 12 ni eneo la mashaka. Kama mashine iko mkoa mwingine na nauli ni tatizo, siyo dhambi kubana sukari, presha na uzito kwa miezi 6 hadi 12 kisha kurudia FIB-4, mradi umeandika tarehe ya kurudia.

---

Maabara_Darubini

Naongezea upande wa benchi, kwa sababu FIB-4 inaharibika kirahisi sana na kanda yenu ina kila kitu cha kuiharibu.

Malaria inashusha chembe sahani. Mtu aliyeugua wiki iliyopita anaweza kutoka na chembe sahani (PLT) 95 na FIB-4 ya kutisha, halafu baada ya wiki nne iko 220. Usihesabu wakati wa homa yoyote. Kichocho cha tumbo kwa wanaoishi kando ya ziwa ni shida ya kudumu zaidi: mayai yanaleta kovu kuzunguka matawi ya mshipa mkubwa wa ini, bandama linavimba, linameza chembe sahani. FIB-4 itapanda bila mafuta kuhusika. Fundi wa altrasaundi mwenye uzoefu ataona kuta nene za matawi hayo, tofauti na weupe wa mafuta uliosambaa ini zima. Muulizeni aandike ukubwa wa bandama kwa sentimita kila anapopiga picha, badala ya neno "kawaida". Na kwa kovu la kichocho FibroScan inaweza kutoa namba ndogo ilhali presha ya mshipa wa ini iko juu, kwa hiyo isiwe hakimu wa mwisho.

AST imo ndani ya chembe nyekundu pia. Sampuli ambayo chembe zake zimevunjika (seramu ya waridi au nyekundu) inapandisha AST kwa uongo, na FIB-4 nayo inapanda. Kaza tonikwe (mkanda wa mkono wa kutolea damu) muda mfupi, usivute bomba la sindano kwa nguvu, tenganisha seramu mapema, usiache mirija juani inasubiri bodaboda. Mtu aliyebeba magunia jana au kucheza mechi naye AST yake inaweza kutoka kwenye misuli. Mpime baada ya siku chache za kupumzika.

Chembe sahani chini ya 100 kwa mtu mwenye afya nzuri: angalia kioo cha damu kwa darubini kwanza. Kuna damu ambazo chembe sahani zake hushikamana kwenye mrija wa EDTA (dawa ya kuzuia damu kuganda) na mashine inazihesabu chache. Rudia kwa mrija wa sitreti.

HbA1c nayo haiaminiki kwa mwenye selimundu au aliyeongezewa damu hivi karibuni. Tumia sukari kabla ya kula. Triglisaraidi tunapendelea mtu awe hajala saa 8 hadi 12, FibroScan walau saa 3. Chai yenye maziwa ni chakula. Inabidi kusema hivyo waziwazi, maana ukiwaambia "usile" watakunywa chai.

Tena, FIB-4 haikutengenezwa kwa vijana. Chini ya miaka 35 haitegemeki. Kuanzia miaka 65 kikomo cha chini kinakuwa 2.0 badala ya 1.3, la sivyo utawapa rufaa wazee wote wa wilaya.

---

Nesi_KandaZiwa

Asanteni sana. Hilo la malaria peke yake limenifanya niangalie upya mafaili kadhaa. Na kama HBsAg (kipimo cha homa ya ini B) imetoka chanya kwa mtu huyohuyo mwenye mafuta na kisukari?

---

Tabibu_Mzee

HBsAg na kingamwili za homa ya ini C zipimwe kwa kila mmoja mwenye mafuta kwenye ini, mara moja, kabla hujaandika chochote. Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye ratiba ya watoto wa Tanzania na Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo watu wazima wengi mnaowaona kliniki hawakuipata utotoni. Kipimo cha haraka ni bei ndogo kuliko altrasaundi. Ukiniuliza nichague vitatu: AST na ALT pamoja, FBP (picha kamili ya damu), HBsAg. Sukari na presha mnazo tayari.

Akiwa chanya, usimtupie mafuta lawama zote wala usimtupie kirusi lawama zote. Vinakaa pamoja na kovu linakwenda haraka zaidi. Hapa mwongozo wa WHO wa 2024 umebadilisha mambo: mtu mzima mwenye homa ya ini B sugu akiwa na kisukari, au ini lenye mafuta la aina hii, au VVU, anastahili dawa ya virusi, tenofoviri, bila kusubiri ALT ipande wala wingi wa virusi ujulikane. Zamani tuliwaambia "rudi baada ya miezi sita". Mpelekeni ngazi inayotoa dawa.

Akiwa hasi na hajachanjwa, achanjwe: sindano tatu, ya kwanza, mwezi mmoja baadaye, kisha mwezi wa sita.

Na pombe muiulize kwa chupa, siyo kwa "unakunywa kidogo?" Bia ya ml 500 ya asilimia 5 ina gramu 20 za kilevi. Mwanamke akifika gramu 140 kwa wiki, yaani chupa 7, au mwanaume 210, yaani 10 au 11, anatoka kwenye kundi la umetaboli peke yake na kuingia kundi la mchanganyiko, ambako lazima pombe ishughulikiwe kama chanzo. Kichupa cha ml 250 cha kinywaji cha asilimia 35 kina takriban gramu 69, zaidi ya bia tatu. Gongo haihesabiki, maana hakuna ajuaye nguvu yake. Mwenye kovu kubwa aache kabisa. Hapo hakuna kiasi.

---

Lishe_Sahani

Nimefurahi mmeanza na hiyo asilimia 15, kwa sababu imenipunguzia nusu ya maelezo.

Kinachofanya kazi ni uzito kushuka, na namba zinajulikana. Asilimia 5 ya uzito hupunguza mafuta ya ini. Asilimia 7 na kuendelea hutuliza uvimbe wa seli. Asilimia 10 ndiyo inayoweza kurudisha kovu nyuma. Kwa mama wa kilo 84 hizo ni kilo 4.2, kilo 6 na kilo 8.4. Mwandikieni kilo kwenye kadi yake. "Punguza uzito" bila namba haimfikishi popote. Mwendo ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Anayejikondesha kwa pupa, kilo mbili au tatu kila wiki kwa maji na matunda, anaweza kulichochea ini zaidi na kujitengenezea mawe ya nyongo.

Pa kukatia kwanza ni sukari ya kunywa. Soda nyingi zina gramu 10 hadi 11 za sukari kila ml 100, kwa hiyo chupa ya ml 500 ina gramu 50 na kitu. Glasi ya juisi ya miwa ya ml 250 ina zaidi ya gramu 30. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu vya chai, ni gramu 36. Nusu ya sukari ya mezani ni fruktosi, na fruktosi huchakatwa zaidi na ini, ikipita pembeni ya kituo kinachodhibiti kasi ya glukosi. Inageuka malighafi ya mafuta, na inapandisha asidi ya yuriki njiani. WHO inataka sukari ya kuongezwa iwe chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya 5, ambayo ni kama gramu 25 kwa mtu mzima. Soda moja kubwa imeshamaliza ya siku mbili.

Piga hesabu ya mama: soda moja kwa siku ikiondoka ni kilokalori 200 hivi. Sukari ya chai ikiondoka, 140. Chapati mbili za asubuhi zikiwa moja, 250 nyingine. Umeshavuka 500 kwa siku bila kumgusa kwenye chakula cha mchana, na hiyo inatosha nusu kilo kwa wiki mwanzoni.

Sahani yenyewe: nusu mboga (mchicha, matembele, sukuma wiki, kabichi, bamia), robo wanga, robo protini. Robo ya ugali ni ukubwa wa ngumi ya mlaji, na dona ni bora kuliko sembe kwa sababu ya nyuzinyuzi. Dona yenyewe ichaguliwe. Mahindi yaliyoota ukungu yana sumukuvu, na sumukuvu ikikutana na homa ya ini B hatari ya saratani ya ini inazidishwa mara nyingi. Dagaa, samaki, maharage, kunde, choroko, mayai: vyote ruksa. Karanga konzi moja. Parachichi nusu. Mafuta ya kupikia pimeni kwa kijiko cha mezani, kimoja kina kilokalori 120. Kwa mtu mmoja vijiko viwili kwa siku vinatosha, na yawe ya alizeti badala ya mafuta mgando. Tui zito la nazi liwe la siku moja moja, siyo la wali wa kila siku, na nasema hivyo nikijua wa pwani watanijia juu.

Matunda mazima moja hadi mawili kwa siku sawa. Yakisagwa na kuchujwa yanakuwa soda yenye jina zuri.

Kahawa bila sukari, vikombe viwili au vitatu, inahusishwa na kovu dogo la ini katika tafiti nyingi. Kahawa chungu ya kijiweni inafaa kabisa. Tatizo ni kashata yake.

Mazoezi dakika 150 kwa wiki: kutembea haraka nusu saa siku tano, mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ongezeni ya nguvu siku mbili: kuketi na kusimama kwenye kiti mara 12, seti tatu, na kusukuma ukuta. Mafuta ya ini hupungua hata mizani isiposogea, kwa hiyo msimvunje moyo aliyefanya mazoezi miezi mitatu akabaki palepale. Pimeni kiuno: katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mwishoni mwa kutoa pumzi ya kawaida, utepe usikaze. Nguo zikae pembeni, kanga iliyofungwa kiunoni peke yake ni sentimita mbili tatu.

---

Chumvi_Kidogo

Mkuu Lishe, kuna wanaopunguza wanga ghafla huku wako kwenye glibenklamidi (kidonge cha kisukari) au insulini. Hapo sukari inashuka usiku, mtu anaokotwa jasho limemtoka.

---

Lishe_Sahani

Kweli, na nilipaswa kulitanguliza. Mgonjwa wa glibenklamidi au insulini asipewe sahani mpya wala ruhusa ya kufunga saa 16 kabla aliyemwandikia dawa hajapitia dozi. Aliye kwenye metfomini peke yake hatari hiyo ni ndogo sana. Apime sukari kabla ya kulala wiki mbili za kwanza, na ikiwa chini ya 4 atumie sukari mara moja, hapo ndipo soda inapokuwa dawa.

---

Mfamasia_Kaunta

Upande wa dawa sasa.

TLD. Dolutegraviri inahusishwa na kuongezeka uzito, zaidi kwa wanawake, na utafiti wa ADVANCE wa Afrika Kusini ulilionyesha hilo vizuri. Kuna pia ripoti kutoka Uganda za sukari kupanda sana kwa baadhi ya waliohamishiwa dawa hiyo. Kwa hiyo mwenye TLD apimwe uzito na kiuno kila anapokuja, na sukari kabla ya kuanza na miezi mitatu baadaye. Lakini dawa haiachwi. Tenofoviri na lamivudini zilizomo ndani ya kidonge hichohicho ndizo zinazombana kirusi cha homa ya ini B. Mwenye vyote viwili akiacha ghafla, homa ya ini inaweza kulipuka na kumuua. Na dolutegraviri inapandisha metfomini kwenye damu: kwa mtu wa TLD, metfomini isizidi mg 1000 kwa siku. Hili naliona likikosewa kwenye vyeti mara kwa mara.

Walioanza ARV zamani, enzi za stavudini, wana sababu nyingine ya mafuta kwenye ini: dawa ile iliharibu mitokondria. Iulizwe kwenye historia. Vilevile ulizeni kuhusu stiroidi za muda mrefu, amiodaroni, methotreksati, tamoksifeni na valproeti. Zote zinaweza kuleta mafuta kwenye ini.

Statini (dawa za kushusha kolesteroli). Huyo mama wa mfano anastahili, kwa miaka yake, kisukari na presha yake, na bado kuna wanaomnyima kwa sababu "ini lina mafuta". Hiyo ni kinyume. Statini ni salama kwenye ini lenye mafuta na inalinda moyo ambao ndio utakaomuua. Atovastatini mg 20 ni mwanzo mzuri. Zuio ni ALT inayozidi mara tatu ya kikomo bila maelezo, au sirosisi iliyokwisha kushindwa, yaani manjano na maji tumboni. Aliye kwenye mstari wa pili wa ARV wenye ritonaviri asipewe simvastatini kabisa.

Metfomini inatibu sukari, haitibu kovu la ini. Mpeni kwa ajili ya kisukari. Pioglitazoni inasaidia uvimbe wa ini, ila inaongeza uzito, inajaza maji kwa mwenye moyo dhaifu na kudhoofisha mifupa. Vitamini E ya uniti 800 ilijaribiwa kwa wasio na kisukari, msiigawe tu kwa kila mwenye karatasi ya altrasaundi. Dawa zilizoidhinishwa Marekani mahsusi kwa kovu la kati hadi kubwa, yaani resmetiromu mwezi Machi 2024 na semaglutaidi mwezi Agosti 2025, ni ghali na zinahitaji kovu lililothibitishwa. Kwa kituo cha afya kazi yenu ni kumtambua anayestahili kupelekwa.

Kuhusu "kusafisha ini": ini halina taka iliyokwama ya kusukumwa nje. Ile dozi ya mafuta ya zeituni na maji ya limau inayotoa "mawe" ya kijani chooni, mawe hayo ni sabuni iliyojitengeneza tumboni kutokana na mafuta hayohayo. Hilo walau haliumizi sana. Yanayoumiza ni vidonge vya dondoo ya chai ya kijani, vidonge vya manjano vilivyotiwa dondoo ya pilipili manga ili vifyonzwe zaidi, na dondoo za mshubiri: vyote vimeripotiwa kuleta homa ya ini ya sumu. Manjano ya kwenye pilau hayana tatizo, kinachosumbua ni kiwango na ile dondoo. Mgonjwa akija na ALT 400, msitafute mafuta. Mafuta kwa kawaida hayapandishi hivyo. Mwambieni alete chupa zote za nyumbani, na mpimeni virusi.

---

Nesi_KandaZiwa

Swali la mwisho wakuu. Wembamba wenye mafuta kwenye ini? Tunao wawili watatu, BMI 22.

---

Tabibu_Mzee

Wapo. Pima kiuno kwanza, maana BMI 22 yenye kitambi siyo wembamba wa kweli. Kisha sukari kabla ya kula, HbA1c na triglisaraidi. Mara nyingi kimojawapo kitajitokeza, na kupunguza asilimia 3 hadi 5 ya uzito kunaweza kumtosha huyo. Kisipojitokeza hata kimoja, hapo ndipo unarudi kwa makini kwenye pombe, dawa, homa ya ini C, na utapiamlo wa protini. Kuna pia urithi: jeni ya PNPLA3 ina aina moja inayojaza mafuta kwenye ini bila usugu wa insulini, lakini hicho si kipimo cha kuagiza kituoni.

Na mwenye sirosisi tayari, mnene au mwembamba, altrasaundi kila miezi 6 kutafuta uvimbe, na anachopaswa kuongeza hapo ni protini. Msimpe karatasi ileile ya kupunguza kilo.